Akitoka kujifungua, haanzi na mbio

Straika akichanika goti, hakuna anayeshangaa akikaa nje miezi tisa. Lakini mchezaji akijifungua, mashabiki tunauliza swali moja tu: anarudi lini?

Mcheki Sara Björk Gunnarsdóttir, kiungo wa Iceland. Alijifungua Novemba 2021. Machi 2022 akavaa tena jezi ya Lyon, na Julai akawa nahodha wa nchi yake kwenye Euro kule Uingereza. Iceland ilitoka sare mechi zote tatu, ikaaga bila kufungwa. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi. Wapi!

Wakati wa ujauzito homoni hulegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia. Misuli ya tumbo inatanuka, ile ya chini ya nyonga inabeba mzigo miezi yote. Mtoto akishatoka, mambo hayarudi sawa siku hiyo hiyo. Mgongo unabaki kama beki wa kati aliyekimbiwa na viungo wakabaji. Ongeza kuinama kunyonyesha na kubeba mtoto usiku. Kiuno kitaacha kuuma?

Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia haishii kuukanda mgongo. Anarudisha walinzi wake kwanza: kuvuta pumzi kwa utulivu, kubana na kuachia misuli ya chini ya nyonga, kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua makalio. Kisha kutembea. Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza wa mwaka 2019 unashauri mbio zisianze kabla ya wiki 12. Mashuti, vichwa na kugongana vinakuja mwisho. Maumivu yakizidi au mkojo ukivuja, anarudishwa hatua nyuma.

Hiyo kazi inataka muda na pesa. Tangu Januari 2021, kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa angalau theluthi mbili ya mshahara, na klabu inatakiwa kumpa huduma ya kitabibu anaporejea. Hata hivyo, Sara alilazimika kudai mshahara wake FIFA, na Lyon ikaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000.

Na wewe shabiki, mama watoto akilalamika kiuno usimwambie "ni kawaida, kitapoa." Mpeleke akaonwe, na huyo mtoto mbebe wewe. Miguu ikifa ganzi au homa ikipanda, hospitali siku hiyo hiyo. Mechi utaangalia marudio.