Kabla ya kumlaumu fundi, itazame mbao

Na Mwandishi Wetu

Je, msomaji, umewahi kuagiza meza kwa seremala, ukatoa malipo ya kwanza, ukahesabu siku kama mtoto anayengoja Krismasi, halafu ilipoletwa ukatamani irudi ilikotoka? Mimi yalinipata hayo hapa mtaani Umoja. Ninayasimulia leo kwa sababu kosa nililombebesha fundi wangu, nusu yake lilikuwa langu.

Tulikuwa tukingoja wageni siku ya Jumamosi. Wazazi wa kijana aliyemposa mdogo wangu walitarajiwa kuja kutufahamu, nasi hatukuwa na meza ya kulia ya kutosha watu wanane. Nikamwendea fundi mmoja kijana afanyaye kazi chini ya kibanda cha mabati, si mbali na kituo cha matatu. Tukapatana bei, nikampa nusu, naye akasema, "Mama, nipe wiki tatu." Nikamwambia nina siku tisa tu. Akakuna kichwa, akakubali. Kazi zilikuwa haba mwezi huo, na mtu mwenye deni la kodi ya nyumba hachagui wateja.

Meza ilifika Ijumaa jioni juu ya mkokoteni. Miguu ilikuwa imara, viungo vimekazana, haitikisiki hata kidogo. Lakini uso wake, Mungu wangu! Nilikuwa nimeomba rangi ya mahogani, nikaletewa mabaka. Hapa ni nyeusi kama kahawa, pale ni hafifu kama chai iliyozidi maziwa, na katikati kuna alama tatu nyeupe zenye umbo la vidole. Nikatandika kitambaa, wageni wakala, wakaenda zao. Jumatatu fundi alipokuja kuchukua pesa zake zilizobaki, nikamfungia mkoba. "Umenipakia rangi mbovu," nikamwambia. Akaondoka kimya. Nilikuja kujua baadaye kwamba salio lile ndilo alilotegemea kwa karo ya mtoto wake.

MANENO YA MZEE WA GIKOMBA

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja ambaye amekuwa seremala Gikomba tangu ujanani. Nilimwita nyumbani ili anirekebishie ile meza. Akapitisha kiganja juu yake, akainama akachungulia chini, kisha akaniuliza, "Binti yangu, mbao hizi zilikaa siku ngapi kabla ya kupigwa randa?" Sikujua. "Na huyo fundi ulimpa siku ngapi?" Nikanyamaza.

Alinieleza hivi. Rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, hukaa juu ya mbao na kuifunika kabisa. Rangi ya kupenya, ambayo mafundi wetu huiita steini, haifuniki. Yenyewe huzama ndani ya nyuzi za mbao. Pale mbao inapokunywa sana huwa peusi, na pale inapokataa kunywa hubaki peupe. "Steini haileti mabaka," alisema mzee. "Huyaonyesha tu yale yaliyokuwapo."

Mbao ambazo wengi wetu tunazimudu katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Makongeni na Bahati hadi Kayole na Dandora, ni za saiprasi na paini. Miti hiyo ilitoka Meksiko, ikapandwa kwa wingi katika nyanda zetu za juu. Ni mbao laini na rahisi kufanyia kazi, lakini hazinywi rangi kwa usawa. Katika ubao mmoja utakuta mistari laini iliyokua upesi na mistari migumu iliyokua polepole. Utakuta macho ya matawi, na katika paini utakuta ulimbo ambao haukubali rangi kamwe.

Tena mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ilikuwa hadi Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hiyo. Katika miaka hiyo mafundi wengi waligeukia mbao za mashamba ya watu binafsi. Mti wa shambani mara nyingi hukatwa ungali mchanga, ukiwa na macho mengi. Ukipasuliwa leo na kuuzwa kesho, hata maji yake hayajatoka.

KAUSHA KWANZA

Kwa hiyo hatua ya kwanza si rangi wala msasa. Ni kungoja. Mbao mbichi ina maji pale ambapo rangi ingepaswa kuingia, na maji hayo hayakauki kwa usawa. Hata ukifaulu kuipaka, itaendelea kunywea ikiwa ndani ya nyumba, viungo viachane na uso upindike.

Mbao hupangwa chini ya paa, mahali penye upepo, na kati ya ubao na ubao huwekwa vijiti ili hewa ipite. Usizianike kwenye jua kali ukidhani unaharakisha, kwani zitapasuka. Katika mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, au katika baridi ya Julai, kazi hii huchukua muda mrefu zaidi.

Utajuaje kama zimekauka? Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, kipime kwa mizani ya dukani, uandike uzito wake. Kiweke mahali pakavu penye joto kwa siku kadhaa, ukipime tena. Kama uzito unazidi kupungua, maji bado yamo. Uzito ukisimama mahali pamoja, kipande hicho kimekauka. Sasa linganisha uzito huo na ule wa kwanza. Kwa fanicha ya ndani, maji yaliyotoka yawe kidogo tu ukilinganisha na uzito wa mbao kavu. Yakizidi sana hapo, ubao wenyewe ungali mbichi.

RANDA NA MSASA

Mbao nyingi hupigwa randa kwa mashine. Mashine huacha mawimbi madogo ambayo jicho halioni mpaka rangi ipakwe, na kisu chake kikiwa butu huzifinya nyuzi badala ya kuzikata. Mahali palipofinywa hapanywi sawa na penginepo. Ndiyo maana fundi mwangalifu huirudia mbao kwa randa ya mkono, kisha huchukua msasa.

Msasa una namba. Namba ikiwa ndogo msasa ni mkali, ikiwa kubwa ni laini. Mzee alinipa mpango huu: anza na 80, nenda 120, kisha 150, umalizie na 180. Usiruke namba. Mikwaruzo ya msasa wa 80 hunywa rangi na kuonekana kama kucha za paka, na msasa wa 180 peke yake hauwezi kuiondoa. Sugua kwa kufuata nyuzi, kamwe usizikate. Uzungushie msasa kwenye kibao kidogo kilichonyooka, kwa maana vidole vitupu huchimba mabonde.

Wengi hudhani kwamba kadiri msasa unavyokuwa laini ndivyo kazi inavyopendeza. Kwa vanishi tupu ni sawa. Lakini kwa rangi ya kupenya, ukizidisha ulaini unaziba vinyweleo vya mbao na rangi inakosa pa kuingilia. Jambo kubwa ni kwamba uso mzima umalizike kwa namba moja. Ukiumaliza wastani wa meza kwa 180 na kuziacha kingo kwa 120, kingo zitakuwa nyeusi zaidi.

Pale ubao ulipokatwa kwa msumeno, kwenye kichwa chake, kuna kanuni nyingine. Mbao ni kama fungu la mirija, na kichwani midomo yote imefunguka, kwa hiyo hunywa kupita kiasi. Hapo endelea hadi msasa wa 220 ili kuipunguza kiu.

Kabla ya kuridhika, zima taa kubwa na uweke tochi kando ya meza, mwanga upite chini chini juu ya uso. Kila mkwaruzo na kila wimbi litajitokeza.

ALAMA TATU ZA VIDOLE

Na zile alama nyeupe za vidole kwenye meza yangu? Ilikuwa gundi. Fundi alipokuwa akikaza viungo usiku, mbio mbio, gundi ilifurika, akaipangusa kwa mkono, kisha akaushika uso wa meza. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka huziba, na juu yake rangi haipenyi.

Gundi iliyofurika ama hufutwa papo hapo kwa kitambaa safi chenye maji, ama huachwa igande kidogo kisha ikabanduliwa kwa patasi. Baadaye mahali hapo hupigwa msasa kama kwingine. Kuhakikisha, pitisha kitambaa chenye maji kidogo juu ya uso mzima. Mbao itageuka nyeusi, na palipo na gundi patabaki peupe. Maji hayo pia husimamisha vinyuzi vya mbao. Yakikauka, vipitishie msasa wa 180 kwa mkono mwepesi.

Uwe mwangalifu pia na mashimo. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi huonekana mzuri ukiwa mkavu, lakini rangi ikipakwa huonekana kama kiraka. Mwisho kabisa ondoa vumbi kwa brashi na kitambaa kikavu. Usipanguse kwa kiganja chenye jasho, na wala usiishike meza baada ya kula mandazi, maana mafuta nayo huikataa rangi.

KUITULIZA KIU

Kwa paini na mbao nyingine zenye kiu isiyo sawa, kuna hatua moja zaidi. Mafundi wana dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao ambayo huiita sandingi sila. Chukua kipimo kimoja cha dawa hiyo, uizimue kwa vipimo vinne au vitano vya tina, upake mara moja na kuiacha ikauke. Kisha pitisha msasa wa 220 taratibu, ndipo upake rangi. Zile sehemu zenye kiu kubwa huwa zimekwisha kunywa kidogo, kwa hiyo hazitaipapia rangi. Ukiipaka bila kuizimua, rangi haitaingia kabisa. Rangi nayo itatokea hafifu kidogo kuliko bila dawa.

Kwa sababu hiyo usikose kipande cha majaribio. Kitoke kwenye ubao uleule, kipigwe msasa uleule, kipakwe dawa, rangi na vanishi. Mteja akitazame mchana, nje, kabla meza haijaguswa. Kipande cha urefu wa shubiri kinaweza kuzuia ugomvi wa mwezi mzima.

Neno moja kuhusu afya. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fundi na afunike pua na mdomo, na watoto wasicheze palipo na vumbi. Tina isifunguliwe karibu na jiko la makaa. Vitambaa vyenye mafuta ya kupakia mbao visirundikwe pamoja, kwani vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke.

PESA ZILIZOBAKI

Mzee alipomaliza nilimwuliza bei ya kunirekebishia. Akatikisa kichwa. "Mrudishie aliyeiunda," akasema. "Viungo hivi vimefungwa na mtu anayeijua kazi. Ulimnyima siku, usimnyime na jina."

Jioni hiyo nilikwenda kibandani, pesa mkononi. Haikuwa rahisi kumwomba radhi kijana mbele ya wenzake, lakini niliomba. Naye alikiri kwamba mbao aliinunua ikiwa na unyevu, na gundi aliiona akatumaini rangi ingeifunika. Tukapatana upya: meza ikae kibandani mwezi mzima, ikauke, ipigwe randa na msasa kwa mpango wa mzee, na nikione kipande cha majaribio kwanza. Gharama ya msasa na rangi tukagawana.

Ilirudi ikiwa na rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Macho ya saiprasi yamo, maana hayo ni ya mti wenyewe, lakini mabaka hayamo. Mdogo wangu alipoolewa, kabati lake lilitoka kibanda kilekile, na safari hii fundi alipoomba wiki sita nilimpa wiki nane.

Msomaji, wiki ijayo ukisimama kando ya Barabara ya Jogoo kuagiza kitanda au kabati, usianze kwa kuuliza rangi. Uliza mbao ilinunuliwa lini, uliza itapigwa msasa wa namba ngapi, uliza kipande cha majaribio. Halafu mpe fundi muda. Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa.