Bucha Zuri Hutambuliwa Vipi?

Wengi wetu tuna bucha letu la mazoea, liwe la Darajani, Mwanakwerekwe au la mtaani. Mazoea ni mema, lakini hayatoshi. Nyama ya mnyama mgonjwa huweza kuonekana nyekundu na safi kama ya mnyama mzima. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, tazama muhuri.

Mnyama anayechinjwa machinjioni hukaguliwa akiwa hai na baada ya kuchinjwa. Mkaguzi huchunguza mapafu, ini, moyo na misuli, akitafuta dalili za maradhi kama kifua kikuu na vifuko vya minyoo tegu. Nyama iliyosalimika hupigwa muhuri. Nyama isiyo na muhuri huenda ni ya mnyama mgonjwa, au wa wizi. Muulize muuzaji: mnyama huyu amechinjwa wapi, na lini? Muuzaji mwaminifu hujibu bila ya kuudhika.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuchinja kihalali ni sharti la dini. Ukaguzi ni sharti la afya. Mnyama aliyechinjwa uani kwa kufuata taratibu zote za dini bado anaweza kuwa na maradhi. Mnunuzi Muislamu ana haki ya kuuliza yote mawili. Vilevile, katika mji wenye watu wa dini na desturi mbalimbali, asiyekula ng'ombe anaweza kuomba mbuzi wake akatwe kwa kisu na gogo vilivyosafishwa.

Kisha zingatia haya:

- Nyama ihifadhiwe kwenye jokofu au ikingwe dhidi ya nzi na vumbi.
- Anayeshika fedha asishike nyama kabla ya kunawa.
- Mizani isome sifuri kabla ya kupimiwa.
- Nyama ya kusaga isagwe mbele yako, kutoka kwenye kipande ulichokichagua.
- Nyama yenye utelezi, harufu mbaya au rangi ya kijani, iache.

Fanya bucha liwe kituo chako cha mwisho sokoni. Nyama mbichi isikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na wakati wa joto kali isizidi saa moja.

Ukiitilia shaka nyama uliyonunua, usiipike wala usiitupe. Ihifadhi pamoja na risiti, kisha toa taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Taarifa yako huweza kuikinga familia nyingine.