Lamu na Wageni Wake

Walimu wawili watatu wa hapa Kakamega walinikalisha kitako juma lililopita katika bustani ya Masinde Muliro, wakanitaka niwaeleze siri ya Lamu. "Maalim, nyinyi watu wa pwani mna bahati," akasema mmoja wao. "Sisi tuna msitu, tuna ngoma ya isukuti, tuna mafahali wanaopigana mpaka vumbi likatanda, na bado watalii wanaishia Nakuru na Mara. Nyinyi mmefanyaje?"

Swali ni la haki. Isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Na msitu wenyewe, ukiutazama vyema, nao ni kisiwa: kipande cha msitu wa Kongo kilichobaki peke yake katika Kenya, kimezungukwa na mashamba ya mahindi na miwa kama vile Lamu ilivyozungukwa na maji. Lakini jawabu langu, ndugu msomaji, halikuwa lile walilolitazamia.

Lamu haikufanya kitu. Hayo wanayoyapenda wageni ni matunda ya umaskini wetu.

Tuanze mbali kidogo. Baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, kisiwa kiliingia katika neema. Ngome ilijengwa, ikamalizika 1821. Majahazi yalipakia pembe, boriti na nafaka kwenda Arabuni, na nafaka hiyo, tusifiche, ililimwa na watumwa katika mashamba ya bara. Neema ile ikaja ikakatika. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na biashara yote ikakimbilia Kilindini. Mwaka 1907 utumwa ukapigwa marufuku katika pwani ya Kenya, na mashamba yakaota magugu. Matajiri wakahama. Waliobaki hawakuwa na fedha za kubomoa nyumba za mawe za mababu wajenge za saruji na mabati. Kwa hivyo vidaka vikabaki, milango ya nakshi ikabaki, na vichochoro vikabaki kwa kadiri ya punda aliyebeba mzigo, si kwa kadiri ya motokaa. Mtu aliyelala kwa njaa hapaki nyumba yake rangi mpya.

Wageni walianza kidogo kidogo. Wakati wa ukoloni Mwingereza mmoja, Percy Petley, alifungua nyumba ya kulala wageni pale ukingoni mwa bahari. Kisha mwaka 1967 hoteli ya Peponi ikafunguliwa Shela, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaja vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu na mifuko mitupu, waliokuwa wakizunguka dunia wakitafuta mahali pasipo na saa. Wazee walitikisa vichwa. Wenye vyumba vya kupangisha hawakutikisa sana.

Baada yao wakaja wasomi. Usam Ghaidan alichapisha uchunguzi wake juu ya majengo ya mji mwaka 1975, na mwaka 1986 ukatoka mpango wa kuuhifadhi mji uliotungwa na Francesco Siravo na Ann Pulver. Ngome, ambayo ilikuwa jela hadi 1984, ikakabidhiwa watu wa makumbusho. Mwaka 2001 UNESCO ikautangaza Mji Mkongwe wa Lamu kuwa turathi ya dunia nzima. Tulifurahi, na nami niliandika beti zangu kama wenzangu.

Jambo ambalo halikuandikwa katika tangazo lile ni namna nyumba zinavyotoka mikononi mwa wenyewe. Hakuna aliyenyang'anywa. Mzee hufariki, nyumba ikagawiwa kwa sharia, warithi tisa, kila mmoja na sehemu yake, mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah. Dari inavuja. Boriti zimeliwa na mchwa, na kutengeneza kwa chokaa kama wanavyotaka wahifadhi ni ghali kuliko saruji. Hapo hubisha hodi mgeni mwenye fedha taslimu. Warithi wakagawana, na aliyebaki mjini akajenga chumba na ukumbi huko pembezoni. Shela leo imejaa nyumba za wageni, na nyingi hufungwa miezi na miezi zikimngoja mwenyewe ashuke na ndege pale Manda.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga Inkishafi akiyalilia majumba ya Pate yaliyoangamia pamoja na wenyewe. Sijui angelitunga nini kwa majumba yaliyosimama imara, yamepakwa chokaa nyeupe pe, ila wenyewe ndio wametoweka.

Hata hivyo nisidhulumu. Fedha za wageni hao ndizo zilizowaweka hai mafundi wa nakshi na wapakaji chokaa, kazi ambazo zingalikufa kama zilivyokufa kazi nyingine. Nahodha asiye na shehena hupakia watalii. Kuna kaya nyingi ambazo chungu hakingetelekwa bila wao. Na ukitegemea chungu cha namna hiyo hujui kitapinduliwa na nani. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, vyumba vikabaki vitupu. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na hata kutembea usiku kukakatazwa. Mpeketoni iko bara, si kisiwani, lakini mtu aliye London hatofautishi. Yeye husoma neno Lamu akafuta safari.

Serikali nayo ilikuwa na ndoto yake. Machi 2012 ilizinduliwa bandari kubwa ya Lamu, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya elfu nne walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya uvuvi. Mwaka 2019 baraza la mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Kesi ile ilianzishwa na wenyeji wenyewe, na ndiyo sehemu ya historia hii ninayoisimulia kwa kifua mbele.

Wala tusidhani haya ni ya Waswahili peke yao. Kisiwa cha Mallorca, katika bahari ya Kati, kilikuwa mikononi mwa Waislamu hadi 1229. Baadaye kikawa kisiwa cha wakulima wa lozi na zeituni, mpaka ndege za watalii zilipoanza kumiminika katika miaka ya 1950 na 1960. Kilitajirika sana. Mwaka 2024 maelfu ya wenyeji waliandamana katika barabara za Palma wakilalamika kuwa kijana aliyezaliwa pale hana tena uwezo wa kupanga nyumba pale.

Walimu wangu walinisikiliza kwa adabu, lakini niliona hawakuridhika. Nikawakumbusha habari yao wenyewe. Mwaka 1931 Mmarekani aitwaye L. A. Johnson aliipata dhahabu Kakamega, na Wazungu wakafurika na mahema yao. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Mwafrika ikichukuliwa atapewa ardhi nyingine badala yake. Mwishoni mwa 1932 sheria ikabadilishwa upesi upesi, ardhi kwa ardhi ikawa ardhi kwa fedha. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952. Sasa dhahabu ya Isulu na Bushiangala inazungumzwa upya, na swali la nani atahamishwa na atahamia wapi limerudi pamoja nayo.

Mashimo ya wakati ule bado yapo. Mojawapo liko katika kilima cha Lirhanda, ndani ya msitu, na limekuwa kivutio: watalii huingizwa na tochi kutazama popo.