Makengeza: Jicho Zima Linalopuuzwa na Ubongo

Mtoto mwenye makengeza kisiwani Mafia hupata vitu viwili: utani wa wenzake, na ahadi ya wakubwa kwamba akikua yatamtoka. Bibi husema hivyo kwa mapenzi, mama naye huamini, miaka ikaenda. Utani unauma, lakini ahadi ndiyo inayomgharimu jicho.

Wengi wetu huyachukulia makengeza kuwa suala la sura tu. Kumbe jambo lenyewe linatendeka ndani, katika ubongo. Macho yakielekea pande mbili, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima akipatwa na hali hiyo huona mashua moja ni mbili. Mtoto mdogo kwa kawaida haoni hivyo, kwa kuwa ubongo wake ungali unajengeka: huipuuza picha ya jicho lililopinda na kubaki na moja. Jicho lenyewe laweza kuwa halina kasoro yoyote, ila seli za ubongo zilizopaswa kulihudumia huhamia upande wa jicho jingine. Likiachwa hivyo kwa miaka huwa jicho vivu, ambalo ukubwani hata miwani ya bei ghali hailirudishii nguvu.

Mwaka 1965 watafiti David Hubel na Torsten Wiesel walichapisha jaribio walilofanya kwa paka wachanga. Walikata msuli mmoja wa jicho ili paka hao wawe na makengeza, kisha wakapima seli za ubongo. Seli ambazo kwa kawaida huitikia macho yote mawili sasa nyingi ziliitikia moja tu. Kazi yao juu ya uoni iliwapatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1981. Kuona, basi, ni jambo ambalo ubongo hujifunza utotoni. Kwa binadamu, tiba ya jicho vivu hufaa zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Anayekosa kuona kwa macho mawili pamoja hupungukiwa na uwezo wa kukadiria umbali wa karibu: kudaka mpira, kuvika chambo, kuruka kutoka mashuani.

Je, husababishwa na nini? Kila jicho lina misuli 6, lakini mara nyingi misuli ni mizima, tatizo liko katika namna ubongo unavyoiongoza. Sababu moja tunayoisahau mno ni mtoto kuhitaji miwani. Asiyeona vizuri karibu hukaza lenzi ya jicho, na kila anapoikaza, macho huvutwa kuelekea puani. Hali hiyo hujitokeza sana kwenye miaka 2 au 3, na miwani pekee yaweza kuyanyoosha. Kuna pia urithi, kuzaliwa njiti, mtoto wa jicho, maradhi ya ubongo. Hakuna aliyemroga.

Kuyatambua si kazi kubwa. Mmulike mtoto kwa tochi ukiwa mbele yake, utazame nukta ya mwanga katika kila jicho. Zikikaa mahali pamoja, macho yamenyooka, hata kama upana wa pua unakudanganya. Njia hii ni ya daktari Mjerumani Julius Hirschberg. Nukta ikihama milimita 1, jicho limepinda digrii 7 hivi. Kisha ziba jicho moja: la pili likisogea ili likutazame, halikuwa limeelekea kwako.

Sasa, watoto wetu hupelekwa kliniki kupimwa uzito na kuchanjwa, na tochi imo katika simu ya kila muuguzi. Kutowamulika macho ni uzembe tunaoweza kuukomesha kesho. Familia ya kisiwani Jibondo hupanda mashua hadi kisiwa kikubwa, ikavuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, ikashika barabara ya Dar es Salaam kufuata hospitali ya CCBRT au Muhimbili. Mtoto akipelekwa na miaka 3 au 13 nauli ya mzazi ni ileile, jicho silo lile.

Tiba zipo: miwani, plasta juu ya jicho zima ili lile vivu lifanye kazi (kwa uvivu wa wastani saa 2 kwa siku huweza kutosha), matone ya atropini katika jicho zima, upasuaji wa kuhamisha au kufupisha msuli, bila kuling'oa jicho. Upasuaji hunyoosha, hauondoi uvivu. Watu wazima nao hupasuliwa.

Wa kuwahishwa hospitali ni hawa: mtoto aliyepita miezi 4 macho yangali yanapishana, mwenye mboni inayong'aa nyeupe pichani, kwani yaweza kuwa saratani ya jicho, na mtu mzima aliyeanza ghafla kuona viwili viwili, kwa kuwa nyuma yake huweza kuwepo kisukari, kiharusi au jeraha la kichwa. Hao wasingoje wakue, wala wasingoje kesho.