Hukumu ya kumfanyia mtoto upasuaji wa uvimbe wa shingo aliozaliwa nao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Tumeulizwa na wazee wa Unguja na Pemba, ambao watoto wao wanaishi kwa jamaa Temeke na Kinondoni, kuhusu uvimbe laini wa shingoni unaoonekana tangu utotoni. Je, kuukata ni kubadilisha maumbile ya Allah? Na je, haitoshi kuupasua kama jipu?

Kwanza tuufahamu wenyewe. Mtoto anapoumbwa tumboni, tezi ya shingo huanzia kwenye shina la ulimi, kisha huteremka hadi chini ya koo. Njia iliyopita hutakiwa izibe. Isipoziba, hubaki kifuko kinachojaa majimaji. Kifuko hicho huwa katikati ya shingo, na hupanda mtoto anapomeza au anapotoa ulimi. Kikiwa ubavuni mwa shingo, asili yake ni nyingine, na pengine huwa na kitundu kinachotoa ute.

Mtoto apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, au Mwananyamala kwa walioko Kinondoni. Ikihitajika ataandikiwa rufaa ya Muhimbili. Muombeni daktari kipimo cha altrasaundi kabla ya upasuaji, kwani huonesha kama tezi iko mahali pake. Wapo wachache ambao uvimbe huo ndio tezi yao pekee. Ukiondolewa, watahitaji dawa maisha yao yote.

Ama kuupasua kama jipu, hakutoshi. Maji hutoka, kifuko hubaki, na uvimbe hurudi. Mwaka 1920 daktari wa Marekani, Walter Sistrunk, alieleza upasuaji unaotumika hadi leo: huondolewa kifuko, njia yake, na kipande cha katikati cha mfupa mdogo ulio juu ya koo, kwa sababu njia hiyo imeshikana nao. Ukitunga usaha, hutibiwa kwanza kwa dawa, na upasuaji hufuata ukishapoa.

Kisheria, upasuaji huu unajuzu. Kilichokatazwa ni kubadilisha maumbile kwa kutafuta urembo tu, si kuondoa maradhi au kasoro. Sahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua vitani, na Mtume (S.A.W.) akamuamuru avae pua ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Na katika hadithi ya Usama bin Sharik, Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu.

Kumsomea mtoto Qur-ani na kumuombea dua ni jambo jema, lakini visiwe sababu ya kumchelewesha hospitali. Wala msimpeleke kuchanjwa chale shingoni, mahali penye mishipa mikubwa ya damu. Mtoto ni amana, na mzazi ataulizwa juu yake.

Wallahu aalam.