Nyuzi za Mimea Ndani ya Plastiki

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo ziko nyumba za miti na udongo. Fundi ajuaye kazi yake hakandiki ukuta kwa udongo mtupu. Huukanyaga pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa. Udongo ukaukapo hunywea, na ufa ukianza, majani huushika huku na huku usipate kuenea.

Kazi ya nyuzi katika plastiki ni hiyo hiyo. Plastiki hufinyangika upesi, lakini ikivutwa kwa nguvu hunyumbuka au huvunjika. Uzi wa mkonge hustahimili sana kuvutwa, ila peke yake hauwezi kuwa ubao. Vikiunganishwa, plastiki huupokeza uzi mzigo. Jambo hili si geni: motokaa za Trabant, zilizoundwa Ujerumani ya Mashariki tangu 1957, zilikuwa na mabamba ya plastiki yenye pamba ndani yake.

Lakini viwili hivi havipatani kwa tabia. Uzi wa mmea hupenda maji, na plastiki huyakataa. Tena uzi una nta juu yake. Visiposhikana, uzi hung'oka kama kigingi kilichochomekwa mchangani, na nguvu zake zote ni bure.

Basi nyuzi huoshwa, kisha hulowekwa katika maji yenye sodi kali, ile ya kutengenezea sabuni, kama sehemu 5 katika 100. Sodi huondoa nta, na uso wa uzi hukwaruza, ukapata pa kushikwa. Ikizidi, huula uzi wenyewe. Nayo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo si kazi ya watoto. Baadaye nyuzi husuuzwa sana na kukaushwa kabisa. Hapa ndipo wenye haraka huharibu kazi: maji yaliyosalia hugeuka mvuke wakati wa kuyeyusha plastiki, na ubao hujaa vitundu.

Moto nao una kipimo. Nyuzi huanza kuungua karibu na digrii 200, ndiyo sababu huchaguliwa plastiki iyeyukayo chini ya hapo, kama ile ya madumu ya maji.

Nyuzi hulazwa kuelekea upande utakaovutwa, kwa maana zikikingama hazisaidii sana. Ubao ukisha kukatwa, kingo zake hupakwa rangi, kwa kuwa ncha za nyuzi zilizo wazi hunywa maji ya mvua, zikavimba na kuachana na plastiki.