Mlingoti Kwanza, Busta Baadaye

Mtazamaji wa Diani au Msambweni ambaye picha yake huganda mpira unapokolea, sauti ikakatika na kioo kikabaki cheusi, huwa na washukiwa watatu: dekoda mbovu, mnara dhaifu na mawingu. Hushauriwa anunue dekoda nyingine, kisha busta ya kukuza mawimbi, kisha busta kubwa zaidi. Pesa zinakwisha na picha bado inaganda. Mara nyingi mkosaji halisi yuko juu ya paa. Antena imefungwa chini mno, au imeelekezwa kusiko, au waya wake umeoza kwa chumvi. Katika pwani ya kusini ya Kenya, shilingi inayotumiwa kuiinua antena hufanya kazi kubwa kuliko shilingi inayotumiwa kununua kifaa chochote cha kuweka chini yake.

Tabia zetu kuhusu antena tulizipata zama za analogi. Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, na kwa nusu karne mtu aliyekaa mbali na mnara aliridhika na chenga. Mawimbi yakiwa hafifu, picha ilififia taratibu, lakini taarifa ya habari ilisikika na mpira ulifuatwa hata kama mpira wenyewe hauonekani. Uhamaji wa kwenda dijitali ulizinduliwa rasmi Desemba 2009. Mwanzoni mwa 2015, katikati ya mvutano uliofika Mahakama ya Juu na kuwanyima watazamaji vituo vikubwa vya kibinafsi kwa karibu wiki tatu, mitambo ya analogi ikazimwa awamu kwa awamu, kabla ya tarehe ya mwisho ya kimataifa ya Juni 17 mwaka huo. Pamoja nayo zikazimika chenga. Dijitali haijui kufifia: mawimbi yakitosha, picha ni safi kama ya jirani wa mnara, yakipungua kidogo chini ya kiwango, inaganda, inavunjika vipande vya miraba, inatoweka. Ndiyo maana antena iliyotosha mwaka 2005 haitoshi leo, na ndiyo maana tofauti ndogo ya kimo, ambayo zamani ingepunguza chenga tu, sasa huamua kama utaona au hutaona.

Kimo kina maana kwa sababu dunia imepinda. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama mwanga, kwa mstari ulionyooka, yakijipinda kidogo tu kufuata ardhi, na hayapiti ndani ya kilima wala chini ya upeo wa macho. Mafundi wana kanuni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, zidisha kwa 4.1, upate umbali wa upeo kwa kilomita. Fanya hivyo kwa mnara na kwa antena, kisha ujumlishe. Tuseme mnara upande wa Mombasa unasimama mita 100 juu ya usawa wa bahari. Upeo wake ni kilomita 41. Antena iliyofungwa mita 4 kutoka chini, pale kwenye ukingo wa bati, inaongeza kilomita 8, jumla 49. Msambweni iko kama kilomita 50 kutoka kisiwa cha Mombasa kwa mstari wa ndege. Mtu wa Msambweni, basi, yuko ukingoni kabisa, na minazi iliyo kati ikilowa mvua atapoteza picha. Aipandishe antena hadi mita 9, anapata kilomita 12 mahali pa 8, na jumla inapita 53. Hakununua kitu kipya ila bomba. Diani, iliyo karibu zaidi, ina nafasi ya kutosha. Huko kinachosumbua zaidi ni majengo, miti mirefu na antena za ndani ya nyumba ambazo wauzaji huzisifu kupita kiasi.

Neno la wauzaji linalohitaji kujibiwa ni lile la antena ya dijitali. Chuma hakijui kama kinabeba analogi au dijitali. Kinachobadilika ni masafa. Televisheni ya dijitali ya nchi kavu hutumia bendi ya UHF, megahezi 470 hadi 694, na kwa masafa hayo vijiti vya antena vinapaswa kuwa na urefu wa takriban sentimita 20 hadi 30. Antena ya kale yenye vijiti vya karibu mita moja ilitengenezewa masafa ya VHF, na kuiacha juu ya paa ni pambo tu. Umbo la kawaida la antena zetu, kijiti kimoja cha nyuma na safu ya vidogo mbele, lilibuniwa Japani katikati ya miaka ya 1920 na Shintaro Uda akiwa na Hidetsugu Yagi. Uda alifanya kazi kubwa, Yagi akapata jina. Antena hiyo husikia vizuri mbele na vibaya kandoni, ndiyo faida yake, lakini pia ndiyo sababu kuielekeza vibaya huharibu kila kitu. Vijiti vilale au visimame kwa kufuata mnara. Ukiwa na shaka, tazama paa la jirani ambaye anaona vizuri.

Na busta? Ina kazi yake, ila si ile inayonadiwa na wauzaji. Waya mzuri wa mita 20 unaweza kumeza karibu nusu ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika sebuleni. Busta iliyofungwa mlingotini, karibu na antena, hufidia upotevu huo. Iliyowekwa nyuma ya televisheni hukuza mawimbi pamoja na kelele zote yalizookota njiani. Na pale ambapo antena haijasikia kitu, busta ya bei yoyote haina cha kukuza.

Atasema mtu kwamba yote haya ni rahisi kwenye karatasi, lakini pwani ni pwani. Ana hoja. Chumvi ya bahari hula viungo vya waya kwa kasi, kusi hutikisa mlingoti miezi mingi ya mwaka, na paa la makuti halina pa kushika bomba. Huko Diani kuna tumbili, ambao huona antena kama tawi jingine. Lakini haya ni mambo ya ufundi. Kwa nyumba ya makuti, mlingoti husimikwa ardhini kando ya ukuta, bomba la chuma lenye zinki au nguzo ya mvinje iliyonyooka, ukazwe kwa nyaya pande tatu. Viungo vifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji na vikaguliwe kila mwaka. Kuifunga antena kwenye mnazi ni jaribu kubwa, kwa kuwa mnazi una kimo cha bure. Lakini mnazi huyumba, na antena inayoyumba huigandisha picha kila upepo unapovuma. Mlingoti mrefu pia uunganishwe na ardhi kwa waya mnene kwa ajili ya radi, na usisimamishwe karibu na nyaya za umeme. Hilo halina mjadala.

Kuna wanaotaka zaidi ya Mombasa. Ukitazama ramani, Vanga iko karibu na Tanga kuliko Mombasa, na kutoka Shimoni ncha ya kaskazini ya Pemba iko kama kilomita 40 tu baharini. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku Tanzania Bara ikingoja hadi 1994. Tena bahari ina hila yake: hewa moto ikitanda juu ya hewa yenye unyevu, mawimbi hunaswa kati yake na kusafiri mbali zaidi kuliko kanuni inavyosema, jambo linalojulikana sana katika Ghuba na pwani ya Omani. Usiku mmoja stesheni ya mbali inaingia, kesho yake haipo. Ni burudani kwa mpenzi wa mambo haya, ila si huduma ya kutegemea. Zaidi ya hayo, chaneli nyingi za vifurushi vya kulipia hufungwa kwa msimbo, kwa hiyo kunasa mawimbi ya ng'ambo si sawa na kuona picha.

Pingamizi zito zaidi ni la simu na dishi. Kwa nini mtu apande paa ilhali kila kitu kiko mkononi? Kwa sababu video ya saa moja yenye picha ya kuridhisha inaweza kula karibu gigabaiti nzima, na familia ya watu sita haitazami simu moja. Mnara hautozi zaidi kwa mtazamaji wa milioni kuliko wa kwanza. Kuhusu dishi nakubali nusu. Kwa aliyeko Kinango au Lungalunga, akiwa na Milima ya Shimba kati yake na Mombasa, setilaiti ndiyo jibu la busara, kwa kuwa hutazama kutoka juu, na mlingoti wa kawaida hauwezi kuushinda mlima. Wa Shimoni na Vanga nao wako mbali mno. Wajaribu kwa antena ya kuazima kabla ya kununua. Lakini kwa ukanda wa Tiwi, Ukunda, Gazi na Msambweni, kulipia kifurushi kila mwezi ili kuona vituo vinavyopita bure juu ya paa ni hasara.

Kuna jambo moja ambalo mwananchi hawezi kujifanyia. Anahitaji kujua mnara uko wapi, unatumia masafa gani, na vijiti vilale au visimame. Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni za kusambaza mawimbi zibandike taarifa hiyo kwa Kiswahili katika ofisi za machifu na madukani kunakouzwa dekoda, kuanzia Likoni hadi Vanga. Nawe unayesubiri mechi ya Jumamosi, kabla ya kununua busta ya pili, mwite fundi akuongezee mita 5 za bomba.